Bastola Aliyoniachia Kaka Yangu

Askari wa kike aliyekuwa akipokea maombi ya leseni za silaha alinishika dole gumba la mkono wa kulia, akalibonyeza juu ya kioo cha mashine, akatazama skrini na kutikisa kichwa. Alilifuta kwa kitambaa, akalibonyeza tena. Skrini ikawa nyekundu vilevile. Tulipitia vidole vyote kumi, kimoja kimoja, na mashine ikakubali viwili tu.

"Eish, bhuti," alisema, akiniita kaka kwa Kizulu. "Unafanya kazi gani wewe?"

"Fundi wa tailizi."

"Simento imekula vidole vyako. Huna alama."

Tulikuwa tukiongea Kiingereza, yeye kwa lafudhi ya Kizulu, mimi kwa lafudhi ya Kigoma. Nilitazama viganja vyangu kana kwamba ni mara ya kwanza kuviona. Miaka mingi nimebandika tailizi katika mabafu na majiko ya watu wa Durban, na grauti, ile simento laini ya kuzibia mianya, huwa naisukuma kwa vidole vitupu, maana glovu zinanifanya nisisikie kama imejaa vizuri. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa.

Aliniuliza bastola naitakia nini. Nikamweleza kwamba sinunui. Ni ya kaka yangu, amefariki, na kwenye wosia ameandika niachiwe mimi.

"Sasa unajisumbua nini?" aliuliza. "Mjane wake anaweza kuisalimisha hapa, ikaharibiwa, mambo yakaisha. Wewe unapenda bunduki?"

"Sipendi kabisa."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu aliniachia mimi."

Alifuta kioo cha mashine. Halafu akaniambia nipumzishe mikono wiki mbili, nisiguse simento, nijipake mafuta kila siku, kisha nirudi.

Kaka yangu ndiye aliyenitangulia Durban. Alikuwa dereva wa malori ya makontena yanayotoka bandarini. Nilipofika, alinilaza sebuleni kwake, mtaa wa Overport, karibu mwaka mzima, na ndiye aliyenitafutia fundi wa kunifundisha kazi. Mkewe, Mrundi, mama mpole, alikuwa akiniwekea chakula bila kuniuliza nitarudi saa ngapi. Jumapili tulikula wote pamoja, hata baada ya mimi kupata chumba changu.

Halafu lori la dereva mwenzake, mgeni kama sisi, likachomwa moto barabarani na watu wasiotaka madereva wa kigeni. Mwenzake alipona, lakini kaka hakuwa yule yule tena. Alikuwa na ukaazi wa kudumu, akafuata taratibu zote, akapata leseni, akanunua bastola. Jumapili moja, tumemaliza kula, akaenda chumbani akarudi nayo. Aliiweka mezani katikati ya sahani. Binti yake alikuwa bado ameketi pale, anatafuna nyama.

Nilisimama. "Kaka, hicho kitu kikilala humu ndani, mimi siingii tena."

Nilitaka acheke. Nilitaka aniambie kaa chini, mdogo wangu. Badala yake alisema, "Basi usiingie."

Sikuingia kwa miaka minne. Tulionana misibani na harusini, tukapeana mikono kama watu wanaofahamiana kwa mbali. Kila sikukuu shemeji alinipigia kunialika, na kila mara nilikuwa na kazi. Nilijiambia atakayeanza ni yeye, yeye ndiye mkubwa. Nadhani naye alijiambia atakayeanza ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeondoka.

Kisha Jumatatu moja shemeji alinipigia akilia. Kaka alikuwa ameanguka akiwa kwenye foleni ya malori, akisubiri kupakia. Kiharusi. Alikuwa hospitali, hasemi, lakini anafumbua macho. Nilikuwa nimeanza sakafu ya watu, chokaa imechanganywa, wenye nyumba wanahamia mwisho wa wiki. Nikamwambia nitakuja Alhamisi, nikimaliza.

Alifariki Jumatano asubuhi.

Sijawahi kumweleza mtu kwamba nilikuwa na nafasi. Ile sakafu ningeweza kuiacha. Niliogopa kuingia kwenye ile wodi na kukuta anayenitazama hawezi kunijibu, na mimi nisijue pa kuanzia. Kazi ilikuwa kisingizio, na nilijua hivyo hata nilipokuwa nikiitamka.

Baada ya maziko, shemeji aliniita ofisini kwa mwanasheria, tukaketi na karatasi. Nyumba na vitu vyote vilikuwa vyake na binti. Kwangu ulikuwepo mstari mmoja tu: bastola, pamoja na sefu yake. Sikuelewa. Nilifikiri ananidhihaki kutoka kaburini.

Bastola yenyewe ilikuwa imepelekwa kwenye duka la silaha, ikihifadhiwa huko kama sheria inavyotaka hadi apatikane mwenye leseni. Ukaazi wa kudumu nilikuwa nao, nikafanya mafunzo, nikafanya mtihani nikiwa nimeishika bastola ya watu kama nimeshika nyoka, kisha nikaenda kutoa alama za vidole. Ndipo mashine ilipozikataa.

Kwa hiyo nilikuwa na wiki mbili bila kazi. Siku ya tatu shemeji alipiga simu: "Shemeji, zile karatasi za leseni ya marehemu iko huku, kwenye kabati. Kuja uzichukue."

Nilisimama mlangoni mwake muda mrefu kabla ya kubisha. Kiti cha kaka kilikuwa palepale, upande wa dirisha, na mto wake umebonyea mgongoni. Shemeji aliniona nikikitazama, akanivutia kiti kingine. Nikamwonyesha vidole. Alivigeuzageuza kama mama anayekagua mikono ya mtoto, akaenda jikoni, akarudi na chupa ya mawese yaliyotoka nyumbani kwao. Alinimiminia kidogo kiganjani.

"Upake hapa hapa nione," alisema.

Nilipaka. Vidole vikawa vyekundu, chumba kizima kikanuka chakula cha nyumbani, na nikashindwa kujizuia. Nililia mbele yake, mimi ambaye mazikoni nilikuwa nikipanga viti vya wageni na kugawa maji.

Alingoja nimalize. Ndipo nikamuuliza kwa nini kaka aliniachia bastola, mimi niliyeichukia kuliko mtu yeyote.

"Nilimuulizaka," alisema. "Siku aliandika ile wosia. Akasema, 'Nikifa huyu atalazimika kuingia hapa kuchukua karatasi. Bila hivyo hataingia.'"

"Alisema hivyo?"

"Alisema huku anacheka. Lakini halikuwa cheko."

Nilirudi kwake kila siku hadi wiki mbili zikaisha. Nilisingizia mafuta. Alinihadithia miaka minne niliyoikosa: kaka alivyoanza kuvaa miwani, alivyomfundisha binti kuendesha baiskeli, alivyopita mara mbili mbele ya nyumba nilikokuwa nikifanya kazi, akapunguza mwendo wa lori, akaniona nimepiga magoti barazani, akaenda zake.

Niliporudi kituoni, yule askari alinikumbuka. Aligusa ncha ya kidole changu, akasema, "Sharp, kuna kitu sasa." Alibonyeza taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, na mistari yangu ikajitokeza kwenye skrini, hafifu. Tisa vilipita. Kidole cha shahada cha kushoto kilikataa kabisa, akaandika maelezo kwamba kimeharibiwa na kazi. Maombi yakaenda.

Leseni ilichukua miezi. Ilipotoka nilikwenda dukani, mwenye duka akaiweka bastola juu ya kaunta. Ilikuwa ndogo. Miaka yote ile niliikumbuka kubwa. Nilitia sahihi, na siku hiyohiyo, kwa utaratibu aliouelekeza yule askari, niliipeleka kituoni na kuisalimisha iharibiwe. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Nilitegemea nitatoka pale nikiwa mwepesi, lakini nilitoka kama nilivyoingia, nikavuka kwenye robot, taa za barabarani, pamoja na watu wengine, nikaenda kazini.

Mwezi uliofuata shemeji aliamua kurudi Bujumbura na binti yake. Dada zake wako huko, na peke yake Durban hawezi. Nilimsaidia kufunga mizigo, nikabeba masanduku hadi kwenye gari. Binti alinikumbatia kiunoni na kuniuliza nitakuja lini.

"Nitakuja," nilisema.

"Lini, baba mdogo?"

Sikumwambia nikimaliza kazi. Nilimwambia Desemba, na kesho yake nikaenda kuuliza nauli.