Hapa Hakuna Anayejifunga Mwenyewe

Leo asubuhi nimejikata mkono jikoni, na nilipofungua bendeji mpya, harufu yake ya pamba ilinirudisha kwenye ukumbi wa ndondi wa wasichana, kule mtaa wa Hockley, juu ya karakana ya vyuma.

Nilikuwa nimeletwa kwa shangazi, Birmingham, Uingereza, baada ya kumzika mama. Sikusema na mtu. Shangazi, aliyekuwa akikesha kazini kutunza wazee, alichoshwa na ukimya wangu. "Kama hutaki kulia, basi kapige kitu," aliniambia mlangoni pa ukumbi, akaenda zake kulala.

Niliingia nikiwa nimeshajifunga mikono kama mabondia, kwa vipande vya kanga ya mama, bado vinanukia udi. Sikutaka kushikwa na mtu.

Msichana mmoja Mkongo, mkubwa kwangu, alinikalisha kwenye benchi.

"Nani alikufunga?"

"Mimi."

"Hapa hakuna mutu anajifunga mwenyewe, mdogo wangu."

Alivifungua vile vipande taratibu, akavikunja vizuri, akaniwekea mapajani. Kisha akaanza kunifunga bendeji, akiipitisha katikati ya vidole, kimoja baada ya kingine. Tangu msibani hakuna aliyenishika mkono. Alipomaliza wa kulia, nilimpa wa kushoto kabla hajauomba.

Sikumbuki kama siku ile nilipiga kitu.

Leo nimejaribu kukaza fundo kwa mkono mmoja, likafunguka. Nikajaribu tena. Mwishowe nimeishika ncha ya bendeji kwa meno, nikavuta.