Pumzi ya Effie wa Banda la Moshi

"Kisiwa hiki hakina mwanamume wa kunishinda pumzi," anasema Effie MacAskill akipanda ngazi za ukumbi wa klabu ya zumari. Akifika juu anashika mlango na kukohoa mpaka machozi yanamtoka. "Yaani, akiwa amelala," anaongeza.

Ni saa moja jioni mjini Stornoway, na upepo unagombana na paa tangu asubuhi. Ndani kuna chai, biskuti za shayiri na watu kama thelathini waliovaa masweta mazito.

Kwapani Effie amebana zumari ya mfuko iliyo kongwe kuliko wote waliomo humu. Si yake, ni ya klabu. Hukaa kwa mwanachama mmoja, naye kila Novemba lazima asimame apige wimbo mkubwa mwanzo hadi mwisho. Tena apige kwa ulimi mgumu, kile kipande cha tete kinacholia ndani ya zumari, ambacho Torcuil fundi huchonga mwenyewe. Ulimi laini, usiotaka pumzi nyingi, ni wa watoto wanaojifunza. Pumzi ikimkatika, zumari inakwenda kwa mwingine papo hapo.

Effie, mwenye miaka sitini na mmoja, amekaa nayo miaka tisa. Mchana huning'iniza samaki kwenye banda la moshi, kwa paundi kumi na tatu kwa saa. Ameifanya kazi hiyo nusu ya umri wake, na moshi haukwenda wote kwa samaki.

"Daktari kaniambia nipulize kimashine chake," anasimulia kwa sauti ya chini. "Nikapuliza. Akaniuliza nitaanza lini."

Anacheka peke yake, kisha uso unamshuka. Tangu mumewe Iain afariki, zumari ndicho kitu pekee nyumbani kinachovuta pumzi pamoja naye. "Kurudi leo mikono mitupu," anasema, "hapo ndipo ninapoogopa."

Torcuil anamsogelea. "Ulimi niliokupa juzi vipi?"

"Mgumu kama roho yako."

"Utauweza?"

"Wewe safisha masikio, kaka."

Anaingia jikoni na zumari, eti kuipasha moto, na kufunga mlango. Anakawia. Akitoka, mkono mmoja uko mfukoni.

Anaanza. Mirija mitatu begani inanguruma, vikombe vinatetemeka mezani. Anatembea polepole huku na huku. Hakuna pa kutua, maana mfuko ukilegea kidogo tu, zumari hulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Midomo yake inapauka. Macho hayambanduki Torcuil, aliyeinamisha kichwa na kutega sikio.

Karibu na mwisho mfuko unazama. Mvumo unayumba. Mtu anaweka kikombe chini taratibu. Effie anafumba macho, anabana kiwiko, anagugumia hewa, na mvumo unarudi. Anamaliza.

Makofi. Effie anajibwaga kitini. "Ndio huo ulimi mgumu," anahema. "Nataka nifikishe miaka kumi na miwili, kama marehemu baba."

Limebaki jambo moja. Kwa desturi, mwanachama mkongwe kuliko wote huigusisha zumari mdomoni, kuibariki. Huyo ni mzee Alasdair, wa miaka themanini na minane, aliyepasuliwa kifua na ambaye hajaweza kuliza zumari yoyote kwa miaka minne.

"Mzee, mwaka huu usijisumbue," Effie anawahi, akinyanyuka. "Baridi hii."

"Nijisumbue nini, mwanangu? Kugusa tu."

Anaipakata na kupuliza kidogo, kama anayezima mshumaa. Kiwiko, kwa mazoea ya zamani, kinabana.

Zumari inanguruma ukumbi mzima.

Alasdair anaitoa mdomoni na kuitazama. "Jamani," anasema, "nimepona."

Watu wanacheka, Torcuil hacheki. Anamwendea Effie na kumnyooshea kiganja kitupu.

"Dada," anasema, "nipe ulimi wangu uliomo mfukoni."