Kanga Yangu na Ndege ya Bibi Harusi

Najua mnachongoja, maana kila wakikusanyika watu watatu wanaojua Kiswahili hapa Maskati lazima mmoja aniangalie kwa pembe ya jicho aulize khabari ya pilau lililokwenda na maji, basi leo nasimulia mwenyewe kwa mdomo wangu, na atakayecheka acheke mpaka mbavu zimuume: ndiyo, mie Zuwena ndiye niliyepanda juu ya gari mbele ya shekhe na wanaume wa watu, nikaifukuza ndege iliyomchukua wifi yangu. Aibu niliipata. Kichwa sikukiinamisha siku ile, na leo sikiinamishi.

Mdogo wangu Salum alikuwa amemposa Rahma tangu tuko Unguja, kabla mambo hayajatutawanya, sisi tukaangukia huku na wao wakaangukia Bahareni. Babake Rahma, Mzee Nassor, alikubali mwishowe, lakini kwa namna yake: alikuwa anakwenda Karachi kutibiwa macho, ndege ingetua uwanja wetu wa hapa Ruwi kwa muda wa saa moja kutia mafuta, basi yeye kama walii wa kuozesha atashuka na binti, ndoa ifungwe pale pale uwanjani, atuachie bibi harusi, mwenyewe aendelee na safari. Na ikishindikana? Ikishindikana Rahma anaendelea naye mpaka Karachi, na huko Karachi yuko mwana wa ami yake anayemtaka kwa udi na uvumba. Salum wiki ile nzima hakula kitu kikamshuka.

Sasa bwana wa redio pale uwanjani, anayesema na marubani, mtu mpole, akamwambia Salum kwamba huu ni msimu wa baridi, mawingu yanateremka kutoka Ghuba bila ya taarifa, na milima ile inayouzunguka uwanja ikishajifunika hakuna rubani atakayethubutu kutua, kwa hiyo afadhali chakula kibaki nyumbani, waje shekhe na mashahidi tu. Salum akaja kuniuliza. Na hapa ndipo nilipojitia kitanzi.

"Mwezi gani huu?" nikamwambia. "Si kaskazi? Kaskazi na mvua wapi na wapi?"

(Mjue kwamba mie nilifanya kazi uwanja wa ndege wa Kisauni kule Unguja, ofisi ya hali ya hewa. Nilikuwa napiga taipu. Dirisha langu lilitazama ukuta wa ghala na wingu sikupata kuliona, lakini maneno yake yote nayajua.)

"Dada, hapa si Unguja."

"Upepo ni upepo, Salum! Au na wenyewe umeombwa pasipoti?"

Mtu mwenye posa yake hagombani na dada anayempikia. Pilau likapikwa, mbuzi wawili, na kwa kuwa mie sifanyi jambo nusu nusu nikatafuta mahali pa kumpokelea bibi harusi kwa heshima, nikapata kando ya uwanja pahala pametandazika vizuri, mchanga laini hauna hata kijiwe, nikasema Mungu kanitengenezea ukumbi. Tukatandika mikeka, tukapanga masinia, tukawasha chetezo cha udi. Jirani yangu Bi Moza, mzaliwa wa hapa hapa, akaja akautazama ule mchanga, akavua viatu akavishika mkononi, asikae. Nikamkaribisha mara mbili. Akaniambia kwa Kiarabu, "Ya Zuwena, hii ni wadi, hapa hupita maji." Nikamjibu kwamba maji yana msimu wake na huu sio.

Jua lilikuwa kali. Nilimwonyesha Bi Moza mbingu kwa kidole, kama vile nimeifua mwenyewe. Kisha likaja wingu nyuma ya mlima, nikasema hilo la kupita, likaja la pili, nikasema hayo ndugu, halafu ikashuka mvua ambayo Unguja tungeiita masika na tungeiheshimu. Watu wakakimbilia kibanda cha redio. Mie nikabaki nafunika masinia kwa mkeka (mkeka, jamani!), mpaka nikasikia mngurumo kutoka juu ya bonde nikadhani ndiyo ndege. Ilikuwa wadi, nikawahi kurukia ukingoni. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaja yamebeba matawi, yakabeba na mikeka, masinia, chetezo, na wale mbuzi wawili wakaondoka na mchele wao. Bi Moza alikuwa keshafika kibandani zamani, na viatu vyake vikavu.

Na ndege sasa ikaja. Ikatokeza kwenye mwanya wa mawingu, ikazunguka, ikatafuta. Ule mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo ulikuwa umeloa ukajizonga kwenye mlingoti wake, na mie nikaona kabisa kwamba rubani hajui kama tupo, na akikata tamaa Rahma ndio keshakwenda Karachi kwa mwana wa ami yake. Sikufikiri. Nikapanda juu ya Landrova tuliyoikodi, nikavua kanga yangu nyekundu niliyojitanda juu ya buibui, nikaipunga kwa nguvu zangu zote huku napiga kelele, "Shukeni! Shukeni!" Ndege ikateremka mpaka nikaona madirisha. Kisha ikavuma, ikainua pua, ikaondoka.

Bwana wa redio akatoka na mwavuli, akasema mbele ya kila mtu: rubani anashukuru sana, ameona mwanamke juu ya gari anamzuia kwa kitambaa chekundu, na kitambaa kinasokoteka huku na huku kwa upepo usiotulia, akatazama vizuri akaona maji yamekata njia ya kutua ndege, basi anaendelea Karachi.

Salum alikuwa amesimama na kanzu yake mpya, maji mpaka miguuni. "Dada," akasema, "umemfukuza."

Kushuka nikashindwa. Kupanda nilipandishwa na hamaki, kushuka kunataka akili. Shekhe akatupa kisogo kwa adabu, Bi Moza akaja kunishika miguu, na huku ananishika ananiuliza, "Kaskazi imekwisha?"

Mji mzima ukacheka. Kesho yake nikaenda sokoni Matrah na kanga ile ile, mwenye macho atazame! Kicheko cha watu hakikunitoa usingizi. Kilichoniuma ni Salum, aliyekuwa akila mezani kwangu, akisema ahsante tu na kuondoka. Hapo nililia, na sioni haya kusema.

Mwisho wa baridi ile Mzee Nassor akarudi kutoka Karachi kwa njia ile ile. Nyumba nzima tulikwenda uwanjani bila ya kujua atashuka na nani. Nyuma yake akateremka Rahma. Hakumtazama Salum, alinijia mie.

"Wewe ndiye wa juu ya gari?"

"Ndiye mie."

"Mwana wa ami kaja na dhahabu," akasema, "nikamwambia baba, kule Maskati nimeona mtu kanipandia juu ya gari katikati ya mvua ananiita. Hapa Karachi nani kanipandia hata ngazi?"

Ndoa ikafungwa pale pale, kibandani. Salum akanikumbatia, kisha akauliza pilau liko wapi. Nikamwambia mchele umo guniani, maana nimekula kiapo: sitii sufuria motoni mpaka nione magurudumu yamegusa ardhi.

Lakini kutabiri sijaapa kuacha. Jana nimemwambia Bi Moza aanike nguo zake, mvua haipo. Kanitazama, kachukua beseni lake, karudi ndani. Mie zangu nimeanika.