Viti Viwili vya Kimo Kimoja

Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, vibao vingi nimevichora mimi, saluni, maduka ya simu, hata kanisa moja, na najisikia kidogo kwa hilo. Mawakili wa msaada wa bure walipofungua ofisi na kuniomba nembo ambayo hata asiyejua kusoma angeielewa, sikuumiza kichwa. Nilichora mizani. Nikaipeleka Mbarara kuchapwa, na fundi wa kuchapa akaisifu.

"Madam, hii iko smati sana. Mawakili wote wa taun wako na hii."

Nikarudi nimevimba kichwa.

Siku chache baada ya kibao kusimamishwa, watu walianza kufika kwenye ile ofisi na magunia ya maharage. Huku kwetu palipo na mizani pana mnunuzi. Mzee mmoja aligombana na mlinzi akitaka bei. Mwanzoni nilicheka, kisha nikakasirika, tena nikawakasirikia watu badala ya mchoro.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, mjane Mkongomani. Mwanamume anayepakana naye shambani alikuwa aking'oa miti ya mpaka na kuipanda upya ndani ya shamba la huyu mama, na mvua zikikaribia alitangaza kwamba atalima sehemu yote iliyobaki. Shamba lile ndilo chakula cha watoto wake. Nilikuwa nimemtuma kwa mawakili, akarudi bila kuingia.

"Niliona ile balansi yabo, nikarudia njiani," alisema. "Miye siko na maharagi ya kuuzisha."

"Dada, ile si ya maharage, ni ya haki!"

"Haki banaipimaka ku balansi?"

Aliuliza kwa dhati kabisa. Nilinuna, nikatoa penseli.

"Haya, ungependa nikuchoree nini?"

"Unichoree fasi ya kukaa. Mu biro zote banatusimamishaka ku mulango, mwenye biro yeye amekaa." Kwao biro ni ofisi.

Nikachora viti viwili vya mbao vinavyotazamana, kimo kimoja, rangi nyeusi juu ya nyeupe, basi. Wakili, binti wa Mbarara, alivitazama sana, akauliza haki yenyewe iko wapi hapo. Nikamwomba avijaribu tu.

Kibao kipya kiliposimama, nilimsindikiza jirani yangu. Ndani, wakili alikuwa kwenye kiti kikubwa cha magurudumu, na mbele yake benchi fupi la wageni. Jirani yangu akagoma mlangoni.

"Hapa hapafanane na picha," alisema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wakili akacheka, akakisukuma kiti chake pembeni, akatoka. Alirudi kutoka kwa muuza chai na viti viwili vya plastiki.

"Kaa, mama. Sasa sema mambo ya shamba."

Jirani yangu alifunga kitenge vizuri, akakaa, akaanza kueleza tangu siku ya kwanza alipopewa shamba. Alieleza kirefu, na hakuna aliyemwambia afupishe. Nilifurahi mpaka nikasahau kununa.

Kabla ya mvua, wakili alikuja shambani pamoja na afisa wa ardhi wa kambi. Kamba ilivutwa, miti ikarudishwa palepale ilipokuwa. Yule mwanamume alisimama mbali, mikono nyuma, uso umemshuka. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumwambia, tena mengi.

Jirani yangu akaingia nyumbani kwake, akatoka na viti viwili, vyote alivyonavyo, akaviweka kwenye mpaka vikitazamana. Kimoja kilikuwa kifupi, akakitilia jiwe chini mpaka vikalingana.

"Ukae, baba," alimwambia. "Tuzungumuze, tutaishi wote hapa."

Yule mwanamume alitutazama sisi wote, kisha akakaa. Wakili na mimi tukakaa chini kwenye nyasi.