Kitufe Chekundu Chini ya Meza

Dada wa mume wangu tunaishi naye nyumba moja, na kazi zake anafanyia chumbani kwake, kwenye kompyuta mbili zinazotazamana kama mawifi waliogombana. Moja inatunza mafaili, nyingine inayaomba kupitia waya. Programu ya kuyapitisha kaiandika mwenyewe. Kompyuta zile hazizimwi. Hata akifagia, anazizunguka.

Kuna juma moja alikuwa hali vizuri. Programu yake ilikuwa inatumika kwenye hospitali moja, na picha za mifupa zikawa zinakwama. Daktari anafungua picha ya mguu, inakuja nusu, halafu kimya. Bosi wake alishamwambia: ikifika Ijumaa bado zinakwama, programu inang'olewa, na yeye atafute kazi kwingine.

"Waya wao mbovu tu," akawa anasema. "Hapa kwangu zinapita kama maji. Nitautibuje ugonjwa usiokuja nyumbani?"

"Labda unaniogopa mimi, wifi."

Hakucheka. Na wifi yangu kwa kunicheka hajambo.

Alhamisi mchana nilikuwa naanika nguo. Mwanangu ndio kwanza anatambaa, na mtoto wa umri ule akinyamaza ujue kuna jambo. Nikakimbilia ndani. Nikamkuta chini ya meza ya shangazi yake, kidole kwenye kitufe chekundu cha ekstensheni ya umeme, kile chenye taa. Taa imezimika. Kompyuta zote mbili giza.

"Wifi! Nisamehe, mwanangu kakuharibia!"

Akatoka bafuni na povu shingoni. Akaziwasha, akakaa, akaomba picha ya mguu anayofanyia majaribio.

Ikaja nusu. Ikakwama.

Nikaanza kulia. Yeye akapiga kelele kama aliyefiwa, kumbe anacheka.

"Umekuja nyumbani! Wifi, ugonjwa umekuja!"

Alipotulia alinieleza, mtoto akiwa mapajani mwake anamlamba povu. Kati ya kompyuta na waya kuna bafa, mfano wa beseni. Kompyuta inamimina humo, waya unachota. Mwanzoni mwa kazi yeye alilipanua beseni lake ili majaribio yaende haraka, kwa amri inayofutika kompyuta ikizimwa. Hakuzima. Akasahau.

"Sasa mabeseni ya kule hospitali ni madogo," akasema. "Ndoo za mwanzo za picha zinapita. Likishajaa, programu yangu inalala, inangoja nafasi ya ndoo kubwa kabisa. Na ndoo hiyo imelizidi beseni lenyewe."

"Si itangoja mpaka kiama?"

"Ndiyo inavyongoja. Na mimi nawatukania watu waya wao."

Akafunga mlango. Chai niliyompelekea ilipoa, nikampelekea nyingine, nayo ikapoa. Jua likiwa bado halijazama akatoka, akasema sasa programu inaamka kila inapopata nafasi, hata kidogo, na hospitali ameshawatumia.

Ijumaa asubuhi simu ya hospitali ikalia. Alisikiliza kasimama wima kama mwanafunzi. "Mguu mzima? Mpaka vidole?" Akaketi pale pale sakafuni, akajifuta macho na kanga yangu.

Siku hizi kompyuta anazizima kila jioni. Ekstensheni nimeifunga juu kabisa ya mguu wa meza, mtoto asije akapigwa na umeme. Wifi akaiona.

"Mbona unamfungia fundi wangu kazi?"