Neno Jekundu Ubavuni mwa Sanduku

Nakumbuka siku moja ghalani, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Namkasirikia kijana mmoja aliyekuwa na jina langu na sura yangu, ambaye leo ningemkuta ningemchapa bakora. Weka hiyo simu chini unisikilize.

Miaka hiyo nilikuwa kuli kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja mjini Mpanda. Mizigo ilishushwa kwenye treni, ikaletwa kwetu, nasi tukaipakia kwenye malori ya kwenda vijijini. Nilikuwa nimefika kidato cha pili, ada ikakosekana, na pale ghalani nilitembea kama profesa. Wenzangu hawakufika mbali darasani, kwa hiyo kila kilichoandikwa nilisoma mimi. Nikiulizwa neno nisilolijua nilibuni maana, tena kwa sauti kubwa, na hakuna aliyenibishia. Sikufichi, raha niliyoipata ilikuwa kubwa.

Nyapara wetu alikuwa Mzee Leonsi, Mpimbwe wa Usevya, ambaye hakujua hata kuandika jina lake. Lakini alikuwa na utaratibu wake. Hakuna mzigo uliopanda lori kabla hajaunyanyua upande mmoja, akautikisa kidogo na kuuwekea sikio. Kwa mikono yake na hilo sikio alijua kipi kikae chini na kipi kikae juu. Sisi vijana tulimcheka kisirisiri, tukasema mzee anaongea na mizigo.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunapakia lori la Usevya. Kulikuwa na chumvi, sabuni, sementi, na sanduku moja la mbao la zahanati ya huko. Ubavuni lilipigwa muhuri wa neno moja kwa rangi nyekundu: FRAGILE. Mzee Leonsi akalinyanyua, akalisikiliza, akakunja uso.

"Hili silielewi. Kubwa hivi, halafu jepesi. Hebu soma hapo, kijana."

Neno lile nilikuwa nimeliona kwenye maboksi mengi, na maana yake sikuijua hata kidogo. Nilipaswa kusema hivyo hivyo. Sijui! Neno fupi, halimvunji mtu jino. Lakini makuli walikuwa wamesimama wananitazama.

"Fra-gi-le," nikasoma, herufi kwa herufi kama ninavyosoma Kiswahili. "Hiyo ni kampuni, Mzee. Kampuni kubwa ya Ulaya. Vitu vyao vigumu balaa."

"Una hakika?"

"Mzee, si nimesoma mimi?"

Basi sanduku likawekwa chini kabisa, na juu yake tukapanga sementi.

Baada ya siku nne lori likarudi. Kiti cha mbele alikaa muuguzi wa ile zahanati, Mama Apolonia, na sanduku lilikuwa miguuni pake. Ndani mlikuwa na hadubini ya kupimia damu. Kijiji kiliisubiri kwa muda mrefu, maana kila mwenye homa alilazimika kupelekwa mbali kupimwa. Sasa ilikuwa vipande vya vioo na chuma kilichopinda. Mama Apolonia akalitua sanduku mbele ya tajiri wetu, akagonga lile neno kwa kidole.

"Nyie hapa hamna hata mmoja anayejua neno hili? Maana yake kitu kilichomo kinavunjika upesi. Kishikwe taratibu, kisiwekewe mzigo juu. Ni neno la kila siku jamani, limeandikwa kwenye kila boksi la glasi!"

Nikageuza macho. Lilikuwepo kwenye boksi la vikombe. Lilikuwepo kwenye boksi la chemni za taa, na kwenye la vioo vya madirisha. Ile kampuni yangu ya Ulaya ilikuwa imejaza ghala zima, na mimi nimepita katikati yake mwaka mzima bila kujiuliza.

Tajiri hakuuliza nani alisoma. Kwake yeye, anayejibu kuhusu mzigo ni nyapara, basi akamwambia Mzee Leonsi aondoke siku hiyo hiyo. Mzee akanitazama, akangoja. Nikainama nijifanye nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa kandambili. Akachukua koti lake akaenda zake. Tulisikia amehamia Ikola kwa shemeji yake, anaanika dagaa.

Nilivumilia siku tisa. Makuli walikuwa wanajua, na hakuna tena aliyeniletea kitu nisome. Siku ya kumi nikapanda lori la Ikola. Nilimkuta Mzee Leonsi amechutama mchangani, anageuza dagaa. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, huku nategemea atanishika bega aniambie yamekwisha.

Hakuacha hata kugeuza dagaa. "Umepanda gari siku nzima kuja kuniambia ninachokijua? Mimi si nilikuwepo? Asiyejua ni tajiri. Kamwambie yeye."

"Nisamehe, Mzee. Lile neno sikulijua."

"Hata mimi sikulijua!" Hapo ndipo aliponigeukia. "Kusoma sijui mpaka leo, na miaka yote hiyo sijavunja hata kikombe cha mtu. Kwa kuwa sijui, nanyanyua, nasikiliza, nauliza. Ungesema hujui, lile sanduku ningeliweka juu. Sikio langu lilishaniambia. Nikaliacha sikio langu nikakufuata wewe, eti umesoma. Hilo ndilo linaloniudhi. Nyie mliosoma mnaudhi sana!"

Hakunikaribisha hata maji. Nikarudi Mpanda, nikamwambia tajiri mbele ya makuli wote. Sikumaliza maelezo, nikafukuzwa. Mzee Leonsi akaitwa kazini, na wala hakunitumia salamu. Hadubini nyingine haikufika mpaka masika yalipokwisha. Masika hayo mtoto wa dada yangu aliyeolewa huko Usevya alishikwa na homa, akabebwa kwenye baiskeli kupelekwa kupimwa, kwenye tope, huku anatetemeka. Alipona, namshukuru Mungu. Dada yangu hakunisemesha mpaka mavuno.

Baadaye nilinunua kamusi ndogo, nikakuta kwamba wenye lugha yao hulitumia neno lile hata kwa mgonjwa aliyedhoofika, au kwa amani inayoyumba kati ya watu waliogombana. Nililijifunza vizuri sana, nikiwa sina tena ghala la kulitumia.

Kwa nini nakueleza haya? Kwa sababu jana jirani yetu alikuletea chupa ya dawa ya kupulizia mpunga umsomee Kiingereza chake. Ukaitupia jicho moja, ukamwambia achanganye vifuniko viwili. Alipoondoka nikakuuliza umeyasoma wapi, ukacheka, ukasema umekisia. Umekisia! Kwa magoti haya nimemkimbilia yule bwana mpaka kwenye majaruba yake, nikamkuta ameshafungua chupa, nikamsihi asipulizie kwanza.

Sikia sasa, mwanangu. Ukiulizwa neno usilolijua, sema hujui, halafu litafute. Hiyo simu ina kamusi ndani yake. Ukishaipata maana, tazama pia neno lenyewe linakaa wapi na watu wanalitumia vipi, na bado ukiwa na shaka, uliza. Anayekuuliza amekuamini, na jibu lako anakwenda kulipulizia shambani, kulinywa, au kulipakia kwenye lori. Mungu akupe akili ya kuelewa unachosoma, akuondolee aibu ya kuuliza, na asikuache umuumize mtu kwa ajili ya sifa.

Haya, inuka. Jirani yupo nyumbani kwake, na mpaka sasa anafikiri wewe ulisoma na mimi ndiye mzee niliyechanganyikiwa. Kamwambie.