Gari Letu Mbele ya Kamati

Kamati ya harusi yangu haikuvunjwa siku tuliyopanga kuivunja. Mbuzi alishachomwa, soda zilishafunguliwa, na watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki uani kwetu Mkonze. Kilichobaki ni mwenyekiti kusimama aseme tumemaliza, asanteni sana. Lakini katibu wetu ni mwalimu mkuu mstaafu, na hajawahi kufunga kikao bila kuuliza mengineyo. Akauliza. Nami, kwa kihererehe changu, nikasema lipo moja dogo, la gari.

Mume wangu ni mwalimu wa fizikia. Alikuwa amehamishiwa Mtwara, na mimi nilishapata uhamisho wa kumfuata mwenza. Kigari changu cha bluu nilikinunua kabla sijaolewa. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: tukiendeshe mpaka Mtwara, siku mbili njiani, au tukipakie kwenye lori la kubebea magari, sisi tupande basi? Nasema tukiendeshe, lakini wa kuendesha ni mimi. Mume wangu anaweza kukueleza msuguano wa tairi na lami mpaka usinzie, ila hajui kuendesha hata toroli.

Jibu nilikuwa nalo. Nilitaka kuendesha, tena nilitaka sana, na sababu yake nisingeweza kuitaja mbele ya wazee. Siku kumi tangu ndoa, mimi na mume wangu hatukuwa tumekaa peke yetu hata nusu saa. Chumba alichokuwa amepanga alishakirudisha kwa ajili ya uhamisho. Wageni kutoka Kondoa hawakuwa na dalili ya kuondoka. Chumbani kwangu walilala binamu watatu, na bwana harusi alilazwa sebuleni, katikati ya wajomba. Tulikuwa tunaandikiana meseji ndani ya nyumba moja, mimi jikoni, yeye kule kwenye mikeka.

"Umekula?" nilimwandikia.

"Nimekula. Mjomba wako anakoroma hata mchana."

Siku mbili za barabara nilizitamani kuliko nilivyoitamani harusi yenyewe.

Kamati ililipokea suala la gari kwa furaha ya watu waliokuwa wakiogopa kurudi makwao kukaa bure. Mwenyekiti, jirani yetu wa ukuta mmoja, alitaka taarifa ya tairi. Mjumbe mmoja aliulizia mvua za Lindi. Mwingine, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni ya kwenda shambani kwake Haneti, alitusimulia kona za barabara ya kusini moja baada ya nyingine, na watu wakamsikiliza kwa heshima zote.

Ndipo akasimama shangazi, dada mkubwa wa baba. Shangazi akisimama, hata katibu huweka kalamu chini.

"Mwenyekiti, gari lipande lori," alisema. "Maharusi wapande basi, na mimi nitakaa nao. Bibi harusi hapelekwi kwa mumewe kama kifurushi."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Kwetu ndivyo ilivyo: shangazi humpeleka bibi harusi kwake, na akifika hukaa, akaonyesha jiko linavyowekwa na maji yanapokaa, na hakuna anayethubutu kumuuliza anaondoka lini. Simu yangu ikatetemeka mapajani. Mume wangu, kutoka upande wa pili wa uani, alikuwa ameandika neno moja: "Tumekwisha."

Mtunza hazina akampigia mwenye lori palepale, sauti juu ili wote tusikie. Mwenye lori akatoa maelezo yake yote vizuri, kisha akamalizia, "Ila gari lije tupu. Sitaki hata kopo la maji ndani."

Vichwa vyote vikaigeukia simu.

"Tupu?" mwenyekiti aliuliza taratibu. "Mpaka Mtwara?"

Asiyekulia kwetu hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Gari la ndugu likienda mbali haliendi tupu. Kuliacha liende tupu ni kama kumwaga chakula. Kumbe kila mjumbe alishalipangia kigari changu mzigo wake kimoyomoyo. Mmoja alikuwa na karanga za mpwa wake wa Morogoro. Mwingine alikuwa na mlenda mkavu wa binti yake aliye Dar, ambaye eti anakonda kwa kula mboga za watu. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na zabibu. Kwa dakika chache kona zote za barabara ya kusini zikanyooka, na mvua za Lindi zikaisha. Katibu akaandika, akasoma kwa sauti: gari liendeshwe, bibi harusi awe dereva, na shangazi akae kiti cha nyuma.

Nilifurahi nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa kiti cha nyuma.

Kesho yake, asubuhi ya safari, mizigo ilianza kuingia kabla sijamaliza chai. Buti likajaa, sakafu ikajaa, kisha kiti cha nyuma kikaanza kujaa kutoka kushoto. Shangazi alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vya safari, akisimamia upakiaji kama bandari ni yake. Kona yake ya kulia ilikuwa imebaki. Nilishaiwekea mto mdogo, maana nilikuwa nimekubali yaishe.

"Shikamoo shangazi. Tuondoke?"

"Marahaba mwanangu. Ngoja kidogo."

Akaingia ndani, akatoka na kiroba cha ulezi kichwani. Akakitua juu ya ule mto, akakisukuma kwa nyonga, akafunga mlango.

"Ulezi wa nani huo?" nikamuuliza.

"Wako. Wa uji."

"Sasa wewe utakaa wapi?"

Akachungulia dirishani kama mtu anayeliona gari hilo kwa mara ya kwanza. "Haa! Kumbe pamejaa!" Akageuka akapaza sauti, "Mwenyekiti, gari limejaa!"

Katibu akafungua daftari lake, akawa anapekua kurasa. Watu wote walipokuwa wakimtazama yeye, shangazi aliinama kwenye dirisha langu.

"Mimi nilipelekwa kwa mume wangu na watu saba," alisema kwa sauti ya chini. "Wakakaa mwezi mzima. Mwaka haukuisha, akafariki. Mwezi ule unaniuma mpaka leo. Washa gari, mama, kabla katibu hajapata kifungu."

Nikaliwasha. Mkono wake nikaubusu juujuu kwa haraka, kwa kuwa nilijua nikichelewa nitalia, na dereva wa watu hawezi kuanza safari analia.

Tulivuka mji, karanga zikichakarika nyuma yetu. Tulipofika Nzuguni, mji unapoishia, mume wangu alitoa simu mfukoni kwa mazoea, akaitazama, akairudisha. Halafu akanigeukia, akaniambia kwa mdomo wake, "Habari za siku kumi na moja?"

Ilibidi nisimamishe gari pembeni ya barabara, kwa sababu nilicheka mpaka sikuiona njia.